Ushuhuda wa Watani

Gervas Luvanda aliingia ofisini kwangu Miyomboni saa tatu asubuhi, akavua kofia, akaniomba nimpandishe. Hakujua mimi ni nani. Mimi nilimjua kabla hajafunga mlango, na nilimkaribisha kiti kwa sauti ileile ninayomkaribishia kila mteja. Nilikuwa nimemsubiri miaka miwili, na sikutaka pupa iniharibie.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, kaka. Karibu ukae."

"Nimeambiwa wewe ndiye unayewapandisha watu kwa Mwelekezi. Nina mgahawa Ipogolo, kule chini barabara kuu. Nilikuwa ngazi ya kwanza. Sasa nimeshuka mpaka ya nne, na ya nne unaijua mwenyewe."

Naijua. Siku hizi Iringa nzima huoni kibao cha duka. Viliondolewa mwaka ule manispaa ilipoamua kuwa vinachafua mji, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyekuwa akivisoma. Kila mtu ana kipuli sikioni. Ukisikia njaa unasema, "Mwelekezi, nile wapi?" naye anakutajia mahali pamoja, pamoja tu, na gari linakupeleka. Anayetajwa ndiye wa ngazi ya kwanza. Wa pili hupata watu siku wa kwanza akijaa, wa tatu hupata siku za sikukuu, na wa nne hupata nzi. Mimi kazi yangu ni kuwapandisha watu ngazi hizo. Wapo wanaotuita waganga, na wapo wenzangu wanaostahili kabisa kuitwa hivyo.

Nilifungua ukurasa wake juu ya meza, tukauangalia pamoja.

"Kaka, haya maneno 'chakula kitamu Iringa' umeyaandika mara themanini na mbili."

"Jamaa mmoja aliniambia Mwelekezi anayapenda."

"Huyo jamaa yuko sahihi, ila ni kwa enzi za babu yake. Mwelekezi wa leo anasoma kama mtu. Wewe ukinijia ukaniambia mara themanini na mbili kwamba si mwizi, mimi nitaficha pochi."

Alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, jambo lililoniudhi sana.

Nilimfundisha yale ninayowafundisha wote, na nilimfundisha vizuri, maana kazi ni kazi. Andika kile watu wanachokiuliza, kwa maneno yaleyale wanayoulizia. Msafiri wa Songea hatamki "chakula kitamu Iringa", anasema, "Nitapata wapi ugali wa moto na nyama kabla ya kupanda mlima?" Basi ukurasa wako umjibu hilo. Picha nazo, Mwelekezi hazisifii kwa rangi. Anasoma maelezo yaliyo chini yake, na Gervas alikuwa na picha thelathini zisizo na hata neno moja. Halafu ukurasa ufunguke upesi. Yeye alikuwa ameweka mbele kabisa video nzima ya harusi ya mdogo wake, kuanzia kanisani mpaka keki. Tena wengine wakutaje kwenye kurasa zao, kituo cha mafuta, nyumba ya wageni, fundi wa matairi, kwa sababu mtu asiyetajwa na jirani hata Mwelekezi humtilia shaka.

"Na ushuhuda wa wateja?" aliuliza. "Huo ndio wenye nguvu, au siyo?"

"Kuliko hayo mengine yote."

"Najua," alisema, akaangalia kofia yake.

Kisha akaniachia funguo. Aliweka dole gumba juu ya meza yangu, na ukurasa wake wote ukawa mikononi mwangu: kuandika, kufuta, na kusoma kumbukumbu za kila alichowahi kukifanya kwa Mwelekezi. Aliondoka akinishukuru mpaka mlangoni. Nilibaki nikacheka peke yangu hadi mbavu zikaniuma, na sioni haya kulisema.

*

Mama yangu aliitwa Vumilia Kikoti. Alipika Ipogolo miaka thelathini na moja, ng'ambo ya barabara kutoka kwa Gervas, na aliishi katika vyumba viwili nyuma ya mgahawa wake. Mimi natumia jina la mume wangu, Sanga, na niliolewa nikahama Ipogolo kabla Gervas hajafika, ndiyo maana hakunitambua wala hakushtuka kulisikia jina langu.

Wateja wakubwa wa mama walikuwa Wangoni, wasindikizaji wa malori ya Songea. Malori yanajiendesha, lakini sheria inataka mtu akae ndani, na mtu anayekaa siku mbili bila kushika usukani midomo yake inawasha. Sisi Wahehe na wao ni watani tangu babu zetu walipopigana wakaona wametoshana nguvu. Mtani anakutukana, nawe unamtukana, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ukikasirika unatozwa kuku.

Hodari wao alikuwa Kanisius Nyoni, mzee mwembamba mwenye sauti ya watu watatu. Alianza kupaza sauti kabla hajashuka kwenye lori. "Leo mmechinja mbwa wa nani?" Mama naye humjibu bila kugeuka kutoka jikoni: "Wa kwenu. Yule aliyewafuata mlipokuwa mnatoroka vita." Kisha anamjazia sahani mpaka mchuzi unamwagika. Kwetu hayo ni mapenzi. Mtani akikusalimia kwa adabu ujue ana neno moyoni.

Sasa Mwelekezi aliundwa na watu wasio na watani. Kila unapotoka mahali, kipuli hukuuliza, "Umeonaje?" Utakalolisema ndilo ushuhuda. Wengine waliowahi kufika pale wanaweza kuuthibitisha kwa kugusa kipuli mara mbili, na ushuhuda ukithibitishwa na watu arobaini, Mwelekezi anauhesabu kuwa ni ukweli. Hapo haulizi tena.

Mwezi wa saba mwaka juzi, Kanisius alitoka kwa mama akiwa ameshiba, kipuli kikamuuliza, akajibu: "Huyu Mhehe kanilisha mbwa. Nimeanza kubweka." Wenzake wakaongeza ya kwao. Mmoja alisema mchuzi ulikuwa maji ya kuoshea miguu, mwingine akasema mpishi amemfukia mumewe chini ya meko. Walikuwa wakisema hivyo miaka yote, na shuhuda zao zilikufa zenyewe, maana nani angezithibitisha? Safari ile zilithibitishwa. Ile ya mbwa ilipata arobaini katika siku mbili.

Siku ya tatu mama alifukiwa. Ndivyo tunavyosema katika kazi yetu. Mwelekezi alimpa alama ya hatari kwa afya, akamwondoa kwenye ngazi zote, na akaifuta anwani yake ili mtu asije akaelekezwa huko kwa bahati mbaya. Magari yakawa yanapita pale kama yanapita kichakani. Gari la unga halikusimama, la mkaa halikusimama. Kanisius aliligombeza lori lake lisimame, likamshusha kilomita tatu mbele, akarudi kwa miguu na kumkuta mama amekaa mbele ya masufuria yaliyojaa.

"Watani zangu wamekwenda wapi?" mama alimuuliza.

Niliandika rufaa. Rufaa husomwa baada ya siku thelathini. Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, mama alishikwa na kifua. Jirani aliita gari la wagonjwa, likatoka hospitalini, likafika Ipogolo, likazunguka mara nne, likarudi. Nyumba na mgahawa vilikuwa na anwani moja, na anwani hiyo haikuwepo tena duniani. Mama alifia mlangoni, jirani akimpepea kwa mfuniko wa sufuria.

Wangoni walikuja msibani wote. Kwa desturi mtani ndiye anayeuchangamsha msiba; anashuka kaburini na kulala humo akidai kuku kabla hajaruhusu jeneza literemshwe, anamsema marehemu, watu wanacheka na kulia kwa pamoja. Kanisius alisimama kando ya kaburi, mikono nyuma, hakufungua mdomo. Wazee wetu walimwomba. Alitikisa kichwa tu. Mama yangu, aliyetaniwa miaka thelathini na moja, alizikwa kimya kama mtu aliyekosa watani. Hilo nalichukia mpaka leo, na siku ile niliweka nadhiri: aliyegusa kipuli mara mbili, nitampata. Nilimshuku Gervas, aliyeirithi ngazi ya mama, lakini kumbukumbu husomwa na mwenye funguo tu.

*

Kumbukumbu za Gervas hazikunisumbua hata nusu saa. Mwezi wa saba, tarehe kumi na moja na kumi na mbili, thibitisho arobaini. Nane za wafanyakazi wake, kumi na tatu za ndugu zake, nyingine za watu aliowapa soda na kuwakalisha kwenye benchi. Zote zilitoka ndani ya mgahawa wake, moja baada ya nyingine, kwa kupokezana kama watu wanaopanga foleni ya chanjo.

Mwelekezi hakujua utani. Gervas ni Mhehe; tusi la mtani analijua kama anavyolijua jina la mama yake. Alikaa ng'ambo ya barabara, akasikia Wangoni wakicheka, akaona pale pana kisu kimelazwa mezani na hakuna anayekiangalia. Akakiokota.

Wapo wenzangu wangemmaliza kwa njia zao. Wanatunga shuhuda za uongo, au wanamfanya mtu atajwe na kurasa chafu mia tano kwa siku moja ili Mwelekezi amwone ni wa genge hilo. Njia hizo siku hizi Mwelekezi anazinusa, na anayeshikwa anafukiwa yeye. Ila hata zisingenuswa nisingezitumia. Sikutaka Gervas aanguke kwa uongo wa kubuni. Nilitaka aanguke kwa kitu kilekile, neno kwa neno, akiwa amesimama jikoni kwake. Dawa ya moto ni moto.

Nilimkuta Kanisius mchana kwenye egesho la malori, amekaa kwenye kivuli cha tairi, anamenya chungwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

Zamani angejibu, "Marahaba, mtoto wa wala mbwa." Niliketi karibu naye nikamweleza yote: funguo, kumbukumbu, tarehe, ile foleni. Alisikiliza akiwa ameshika chungwa ambalo hakulila.

"Watu arobaini," alisema.

"Arobaini."

"Na maneno yalikuwa yangu."

"Maneno yalikuwa yako, mjomba. Kidole kilikuwa chake."

"Unataka nini?"

"Nataka mje mle kwake Jumamosi. Mje arobaini na mmoja. Mkishashiba, wewe useme kama ulivyokuwa ukisema kwa mama, na hao wengine wathibitishe. Hakuna uongo wowote hapo. Yeye ni Mhehe, nyinyi ni Wangoni. Akikasirika anatozwa kuku."

Aliangalia barabara. "Tangu tumzike mama yako sijamtania Mhehe hata mmoja. Mke wangu anasema nimekuwa kama padri."

"Najua."

"Nyuma ya mgahawa wake anaishi nani?"

Nilitamani asiniulize hilo. "Mama yake."

"Mzima?"

"Ana pumu."

"Anwani moja?"

"Moja."

"Basi hapana," alisema Kanisius, akaanza kula chungwa lake.

Nilikasirika. Nilimwambia mama yangu hakupata mtu wa kumuulizia maswali mazuri kama hayo. Nilimwambia mkuki kwa nguruwe ndio mtamu. Niliyamwaga yote, na mzee wa watu aliniacha nimalize.

"Mwanangu, nimemuua mwanamke mmoja kwa mdomo huu, na nilikuwa nacheka," alisema. "Sikujua. Wa pili nitakuwa nimejua. Mtoe kwanza yule bibi. Ukishamtoa niambie, nitakuletea watu wako arobaini, na nitaongea hadi kipuli kiombe maji."

Sasa niseme ukweli wangu. Yule bibi nilikuwa nimemfikiria tangu siku ile Gervas aliponiachia funguo. Nilimfikiria, na nikaona inafaa. Mama kwa mama.

*

Mpandishaji mzuri hufika mahali akaone kwa macho, kwa hiyo Gervas hakushangaa nilipotokea Ipogolo kesho yake. Alinionyesha jiko, stoo, choo kipya. Alikuwa tayari ameandika maelezo chini ya picha zake kama nilivyomfundisha. Chini ya picha ya jiko aliandika, "Hapa ndipo nyama inapochomwa tangu saa kumi na moja alfajiri, na moshi tunauelekeza kwa jirani." Alikuwa mwanafunzi mwepesi.

Mama yake alikuwa uani, kwenye kiti cha kamba, anachambua mboga za maboga. Bibi Paulina, mdogo wa umbo, kifua kikipiga filimbi kila anapovuta pumzi. Kikopo chake cha dawa ya pumu kilining'inia shingoni kwa uzi wa viatu.

"Wewe ni wa nani, mwanangu?"

"Mimi ni Sanga, bibi."

"Wakinga hao. Karibu. Umekula?"

Alinilazimisha kula. Nilikula mboga zake, zilikuwa tamu, nikazidi kuchukia. Akaninong'oneza kwamba ng'ambo pale alikuwepo mwanamke mmoja mpishi, Vumilia, waliyekuwa wakiazimana chumvi na habari, na kwamba Gervas hapendi akimtaja.

"Kwa nini hapendi?"

"Sijui. Nikimtaja anaondoka mezani." Akavuta dawa yake mara mbili, akatulia. "Mtoto akikuficha jambo, mama unabaki unachambua mboga tu."

Nilirudi Miyomboni na jambo moja kichwani. Kumdanganya Kanisius kulikuwa rahisi mno. Ningemwambia nimeshamtoa bibi, naye angeniamini, Jumamosi ingefika, Gervas angefukiwa pamoja na kila kinachopumua kwenye anwani yake. Kisha ningesubiri. Siku moja kifua cha yule bibi kingekataa, gari lingezunguka mara nne, na Gervas angekaa mlangoni na mfuniko wa sufuria. Angelijua jambo lenyewe, siyo kulisikia. Siku mbili nzima nililiwaza hivyo, na nilipata raha, lazima niseme, raha ya kweli kabisa.

Kilichoniharibia ni zile mboga. Ningekula nini siku nyingine bila kumkumbuka?

Ukurasa ukishafukiwa haufunguki, kwa hiyo kazi ya kumtoa mtu hufanywa kabla. Ijumaa mchana nilifungua ukurasa wa Gervas, nikatafuta mahali anwani ya nyumba ilipofungwa na ya mgahawa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi ndefu, kuandikia manispaa, kuomba ramani. Kulikuwa na kisanduku kimoja chenye alama ya vema. Niliiondoa alama, nikaandika jina la bibi na uchochoro wa nyuma, nikakubali. Mwelekezi akasema nyumba imepokelewa.

Niliangalia saa. Kisha nilifunga ukurasa haraka, nikashuka kununua maji dukani, ingawa sikuwa na kiu.

*

Jumamosi saa saba malori ishirini na sita yalisimama Ipogolo, na wasindikizaji wao wakashuka wakiwa wamevaa mashati safi. Wengine walikuwa wamekuja na wake zao ili kutimiza idadi. Kila mmoja wao aliwahi kula kwa mama yangu, na Kanisius alikuwa amewaeleza wote. Gervas alitoka mlangoni akifuta mikono kwa aproni, uso umemjaa furaha. Aliponiona nimekaa pembeni aliniinulia dole gumba. Alidhani ni kazi yangu, na hakukosea.

Walikula sana. Hakuna aliyebakiza. Kanisius alilamba vidole, akasimama, akashika kiuno, na ile sauti ya watu watatu ikarudi kutoka ilikokuwa imejificha miaka miwili.

"Mhehe, leo umechinja mbwa wa nani?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Gervas naye alicheka, maana desturi ni desturi. "Wa kwenu, mtoro wa vita," alijibu.

"Nilimjua. Nilipouma paja akanitazama." Kanisius alielekea mlangoni, akavuka kizingiti, na sote tulisikia kipuli chake kikilia. Alijibu polepole, neno kwa neno: "Huyu Mhehe kanilisha mbwa. Nimeanza kubweka."

Arobaini waligusa masikio yao mara mbili.

Nilimwangalia Gervas usoni. Hicho ndicho nilichokuja kukitazama. Kicheko kilibaki mdomoni lakini macho yalikuwa yameshaondoka. Kipuli chake mwenyewe kilianza kumsomea: alama ya hatari kwa afya, ngazi zimeondolewa, anwani ya biashara imefutwa. Alifungua mdomo, akatazama Wangoni wote waliokuwa wamemgeukia, wakimsubiri akasirike.

"Kuku wapo nyuma, kaka," nilimwambia. "Ukitaka kukasirika."

Walitoka mmoja mmoja, kila mtu akirudisha kiti chake chini ya meza. Kanisius alinipita bila kunitania. Nje lori la unga lililokuwa likija kwa Gervas lilipunguza mwendo, likasita, likaendelea na safari yake. Alilisindikiza kwa macho hadi likapotea kwenye kona.

"Wewe ni nani?" aliniuliza.

"Mtoto wa Vumilia."

Alikaa chini palepale, kwenye sakafu, mgongo ukutani. Hakukana. Alisema, "Nilitaka wateja. Nilikuwa wa pili kwake miaka tisa, dada. Nilijua watampunguza tu. Sikujua anwani inafutwa. Siku lile gari lilipozunguka nilikuwa nimesimama pale dirishani nikiliona, na sikujua linatafuta nini."

"Sasa unajua."

"Sasa najua." Kisha jambo likampiga. Aliruka akasimama. "Mama yangu. Mama ana pumu, humu ndani hakuna gari litakalo—"

"Kaa. Nimemtoa. Nyumba ina anwani yake."

Hakuniamini. Alishika kipuli, akauliza iko wapi nyumba ya Paulina Luvanda. Mwelekezi alimjibu kwa upole wake wote: uchochoro wa nyuma, mlango wa kijani, dakika sita kutoka hospitalini. Gervas alilia. Alilia bila kujificha, akinishukuru, mimi niliyemfukia sasa hivi, na niligundua kwamba furaha yote niliyokuwa nimejiwekea kwa siku ile ilikuwa imeshaisha tangu kile kicheko cha ofisini.

Alifuta uso kwa aproni. Alikuwa mwanafunzi mwepesi, nimeshasema. Nilimwona akianza kufikiri.

"Kumtoa kumekuchukua muda gani?"

"Dakika nne."

"Dakika nne," alirudia. "Mimi huo ukurasa alinijengea yule jamaa. Alisema akiweka alama kwamba mwenye biashara analala hapahapa, Mwelekezi anaamini zaidi, anakupandisha ngazi mbili." Aliniangalia, na hakukuwa na ubaya wowote machoni mwake, alikuwa anauliza tu kama mtu anayeuliza njia. "Wa mama yako alijenga nani?"

Ukumbi ulikuwa mtupu, sahani arobaini na moja mezani. Uani nilisikia bibi akivuta dawa yake.

"Mimi."

"Na alama?"

"Niliweka mimi."

Gervas alizitazama zile sahani. "Alipanda?"

"Alipanda," nilisema. "Ngazi mbili."